IC Haijafa: Kusaka Hitilafu kwenye Saketi za Kwanza za Mantiki

"Mwalimu, IC imekufa."

Hiyo kauli naisikia kila wiki ya klabu. Kijana anakuja ameishika IC (kile kiboksi cheusi chenye miguu, saketi nzima ikiwa ndani) kiganjani kama aliyeleta kifaranga mgonjwa. Ameshaing'oa kwenye bredibodi (bodi ya matundu ya kuunganishia bila kuchomelea), ameshaomba nyingine. Naichukua, naichomeka kwenye bodi yangu ya majaribio, inafanya kazi vizuri tu. Anashangaa, anashukuru, na wiki ijayo anarudi na nyingine.

Nimeandika haya kwa wanaoanza: wa kidato cha nne waliofika kwenye diodi na transista, wa kidato cha tano na sita waliofika kwenye mageti ya mantiki (saketi ndogo zinazotoa 0 au 1 kulingana na zinachoingiziwa), na walimu wenye boksi moja la vifaa kwa darasa zima. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu mwanafunzi anachokiona ni taa isiyowaka au namba isiyo sahihi. Jina la ugonjwa analijua mwishoni.

Kabla ya yote, nakuomba kitu kimoja: usiing'oe IC mpaka mita ikuambie uing'oe. Ukishaing'oa umefuta ushahidi. Waya uliokuwa umelegea utaukaza bila kujua, saketi itapona, na wewe utabaki unaamini kwamba IC mpya ndiyo iliyoponya.

Hakuna kinachowaka kabisa

Anza na umeme, na uupime kwenye miguu ya IC yenyewe. Watu wengi hupima kwenye betri, wakaona volti 5, wakaridhika. Betri haijawahi kuwa na tatizo la waya uliokatika mbele yake. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, kisha gusa chuma cha mguu wa 7 kwa ncha nyeusi na mguu wa 14 kwa ncha nyekundu. Hiyo ni kwa IC za miguu 14 kama 7400 (NAND), 7408 (AND), 7432 (OR) na 7486 (XOR). Kwa zenye miguu 16 kama 4017 na 4511, hasi ni mguu wa 8 na chanya ni wa 16. Angalizo: 7490, kihesabu cha zamani ambacho bado kinapatikana kwenye bodi kuukuu, kinapokea chanya mguu wa 5 na hasi mguu wa 10. Wengi wamekichoma kwa kudhani kinafuata desturi ya wenzake.

Mita ikisoma sifuri, kagua bredibodi. Zile ndefu, mara nyingine mstari wa chanya na wa hasi hukatika katikati: upande wa kushoto una umeme, wa kulia hauna. Tazama mstari mwekundu uliochorwa pembeni. Ukiona umeachwa pengo katikati, unganisha pande mbili kwa waya mfupi. Kisha kagua kama IC imekaa juu ya mfereji wa katikati, miguu saba upande huu na saba upande ule. Ikikaa upande mmoja tu, miguu inayotazamana imepigana shoti kupitia bodi.

Halafu kuna hitilafu ninayoipenda, kwa sababu inawadanganya hata wazoefu: mguu uliokunjika chini ya tumbo la IC. IC mpya huja ikiwa imetanua miguu kidogo. Ukiichomeka kwa nguvu, mguu mmoja unakosa tundu, unajikunja kwa ndani, na ukitazama kutoka juu unaona kila kitu kimekaa sawa. Inamisha bodi, chungulia kwa pembeni. Na siku nyingine, kabla ya kuchomeka, laza IC ubavu mezani na uibonyeze taratibu mpaka miguu isimame wima.

Umeme ukifika lakini LED (ile taa ndogo) haiwaki, igeuze. Mguu mrefu ni chanya. Kama miguu imeshakatwa, tafuta ubavu uliokatwa bapa kwenye ukingo wa taa. Huo ni upande wa hasi. Ikiendelea kugoma, pima rezista. Ya om 330 ina chungwa, chungwa, kahawia. Ya kilo-om 330 ina chungwa, chungwa, njano. Chini ya taa hafifu ya darasa saa moja jioni, kahawia na njano iliyochakaa ni ndugu. Kwa volti 5 na LED nyekundu inayokula takriban volti 2, rezista ya 330 inapitisha miliampea 9 hivi, zinazotosha sana. Ile ya kilo 330 inapitisha sehemu moja tu ya elfu ya hizo, na jicho halioni kitu.

Kuhusu waya, usinunue kama huna fedha. Tafuta kipande cha kebo ya mtandao, ile ngumu inayopitishwa ukutani. Ndani yake mna nyaya nane za shaba nzima, unene wa nusu milimita, zinazokaa kwenye bredibodi kama zilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ile kebo laini ya kuunganishia kompyuta ni ya nyuzinyuzi, haifai.

Inafanya kazi nikiisogelea

Taa inawaka ukipeleka mkono, inazima ukirudi nyuma. Au inawaka hafifu, inapepesa, halafu ikitulia unadhani imepona. Sisi watu wa pwani tuna jibu la haraka kwa mambo ya namna hii, lakini jini huyu anajulikana: ni ingizo linaloelea.

Mwanafunzi anaamini kwamba mguu ambao hajauunganisha na kitu chochote uko kwenye 0 (volti ya chini; 1 ni ya juu). Hauko. Uko hewani. Kwenye familia ya CMOS, yaani 74HC na zile za 4000, ingizo limetengwa kabisa na sehemu nyingine ya IC kwa tabaka jembamba la kihami, kwa hiyo halihitaji mkondo wowote wa maana kubadilika. Nyaya za ukutani zinatangaza mawimbi ya hezi 50, mwili wako unayapokea kama antena, na ule mguu unayasikia. Unabadilika 1, 0, 1, 0 mara 50 kwa sekunde, na taa inaonekana hafifu kwa sababu inazima na kuwaka upesi kuliko jicho. Uzuri wa kituko hiki ni kwamba ukigusisha mita saketi inaweza kutulia, kwa kuwa mita yenyewe inauvuta ule mguu kuelekea hasi. Hitilafu inayopona ukiipima na kurudi ukitoa mita, usiitafute kwingine.

Familia ya TTL, yaani 74LS, ina tabia tofauti. Ingizo lililoachwa wazi husomeka kama 1. Ndiyo maana mwanafunzi anajenga geti la AND, anasahau kuunganisha ingizo B, na saketi inaonekana sahihi kwenye mistari mitatu kati ya minne ya jedwali. Ukipima mguu huo utaona volti moja na ushei, kati ya 0.8 na 2.0. Eneo hilo si la mtu: chini ya 0.8 ni 0 halali, juu ya 2.0 ni 1 halali.

Sasa tufike kwenye mtego ambao umenipotezea jioni nzima zaidi ya moja. Umesoma kwamba kitufe kinahitaji rezista ya kushusha, umeweka kilo-om 10 kutoka kwenye ingizo kwenda hasi, na IC yako ni 74LS. Kitufe hakijabonyezwa, lakini geti linasoma 1. Rezista ni nzima, waya ni mzima, IC ni nzima. Kosa liko kwenye hesabu. Ingizo la 74LS linatoa mkondo pale linapovutwa chini, hadi miliampea 0.4. Zidisha kwa om 10,000: volti 4. Hata kama IC yako inatoa robo tu ya hizo, umebaki na volti 1, juu ya kikomo cha 0.8. Tumia om 1,000 au pungufu, upate volti 0.4 kwa hali mbaya kabisa. Au fanya wafanyavyo wenye uzoefu: weka rezista ya kupandisha ya kilo 10 kwenda chanya, na kitufe kivute kwenda hasi. Mantiki itageuka, kubonyeza kutakuwa 0, lakini utalala usingizi. Kwa 74HC rezista ya kilo 10 ni sawa upande wowote.

Na yale mageti usiyoyatumia ndani ya IC ya CMOS? Maingizo yake yote yaunganishe na hasi au chanya. Matokeo yake yaache yalivyo.

Moja jumlisha moja ni tatu

Binti mmoja wa kidato cha tano alijenga kijumlishi nusu, saketi inayojumlisha tarakimu mbili za 0 au 1: 7486 kwa ajili ya jumla, 7408 kwa ajili ya kibebwa, LED mbili. Sifuri na sifuri, taa zote zimezima. Sifuri na moja, jumla inawaka. Moja na sifuri, vilevile. Moja na moja: zikawaka zote mbili. Moja-moja kwa mfumo wa jozi ni tatu.

Alikuwa ameshabadilisha LED, rezista, na ile 7408. Nikamwomba aache mikono mfukoni, aniandikie jedwali la kile anachokiona badala ya kile anachokitarajia. Akaandika. Kibebwa: 0, 0, 0, 1. Hilo ni AND kamili, kwa hiyo 7408 haina kosa na haikupaswa kuguswa. Jumla: 0, 1, 1, 1. Nikamuuliza, ni geti gani linakubaliana na XOR kwenye mistari mitatu na kutofautiana kwenye wa nne? Akatazama dari kidogo. "OR."

IC yenyewe ilitoka kwenye bodi ya mashine mbovu, na maandishi yake yalikuwa yamefifia. Tukaipaka chaki mgongoni na kufuta kwa kidole; unga wa chaki ukabaki kwenye michongo: 74LS32. Mtu aliiweka kwenye kifuko cha 7486. Kosa lilikuwa la boksi, na nadhani aliyepanga boksi lile ni mimi.

Kinachorahisisha kosa hili litokee ni kwamba 7400, 7408, 7432 na 7486 zina mpangilio mmoja wa miguu: 1 na 2 zinaingia, 3 inatoka, 4 na 5 zinaingia, 6 inatoka, 9 na 10 zinaingia, 8 inatoka, 12 na 13 zinaingia, 11 inatoka. Unaweza kuchomoa moja na kuchomeka nyingine bila kusogeza waya. Kwa hiyo IC isiyojulikana itambue kwa alama yake, ukipitia maingizo kwa mfuatano 00, 01, 10, 11:

AND: 0001
OR: 0111
XOR: 0110
NAND: 1110

Ila 7402, ile ya NOR, imekaa kinyume: tokeo ni mguu wa 1, maingizo ni 2 na 3. Na 4011 ni NAND kama 7400 lakini geti lake la pili linaingilia 5 na 6 na kutokea 4, la tatu linaingilia 8 na 9 na kutokea 10. Geti la kwanza linafanana kwenye zote mbili, na hapo ndipo watu wanaponasa. Wanajaribu la kwanza, linakubali, wanajenga mengine kwa kukariri, wanaishia kuunganisha tokeo na chanya.

Saketi ikiwa ndefu, usiipime kuanzia mwanzo mguu kwa mguu. Pima katikati. Kama ishara ya katikati ni sahihi, kosa liko nusu ya pili. Kama si sahihi, liko nusu ya kwanza. Kisha gawa tena. Saketi ya hatua nane inamaliza siri zake kwa vipimo vitatu. Lakini lazima kwanza ujue, kabla ya kuweka mita, kipimo cha pale kingepaswa kuwa nini. Mwanafunzi anayepima bila matarajio anakusanya namba tu.

Jedwali limegeuka

Kila palipopaswa kuwaka pamezima, na palipopaswa kuzima pamewaka. Kabla hujashuku mantiki, tazama LED imeunganishwa wapi. Ikiwa iko kati ya chanya na tokeo, inawaka tokeo likiwa 0. Hilo si kosa, ni kusoma kwa kinyume.

Tena kwa 74LS huo ndio muungano bora. Tokeo lake linaweza kumeza miliampea 8 likiwa 0, lakini linahakikishiwa kutoa 0.4 tu likiwa 1. Mwanafunzi anayeweka LED kati ya tokeo na hasi anapata mwanga wa sigara na kulaumu IC kwa udhaifu. 74HC inatoa na kumeza kwa nguvu sawa, kwa hiyo kwake chagua upande unaokufaa.

Wakati huohuo, ukichanganya familia hizi mbili kwenye bodi moja, 74LS ikisema 1 inaweza kutoa volti 3 hivi, wakati 74HC kwenye volti 5 inataka angalau 3.5 ndipo iamini. Matokeo ni saketi inayofanya kazi asubuhi na kugoma mchana. Kwa kiungo hicho tumia 74HCT, ambayo imetengenezwa kusikiliza lugha ya TTL.

Kihesabu kinaruka namba

Unabonyeza kitufe mara moja, 4017 inatoka taa ya kwanza kwenda ya nne. Kitufe hakibonyezeki mara moja kama unavyodhani. Vipande vya chuma ndani yake vinagongana na kudunda kwa milisekunde kadhaa, kama mpira wa kikapu uliodondoshwa, na kihesabu kinahesabu kila mdundo.

Dawa ya kwanza: rezista ya kilo 10 na kapasita ya mikrofaradi 1, zinazochelewesha ishara kwa milisekunde 10 hivi, kisha pitisha kwenye 74HC14, geti la kugeuza lenye ingizo la Schmitt linaloifanya ishara ya polepole igeuke ghafla. Hiyo 74HC14 usiiruke. Kapasita pekee inafanya ishara ipande polepole, na kihesabu kisicho na ingizo la Schmitt kikisikia ishara inayojikokota kinaweza kuhesabu mara mbili au zaidi. Dawa ya pili, ambayo naipenda zaidi kwa kufundishia: mageti mawili ya NAND yaliyofungamana yawe kumbukumbu ndogo, na swichi ya njia mbili. Mdundo wa kwanza unageuza kumbukumbu, inayofuata haina la kugeuza. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwa nini kumbukumbu ina maana, tena bila kapasita hata moja.

Kama 4017 haisogei kabisa, pima mguu wa 15 na wa 13. Vyote viwe 0. Wa 15 ukielea, kihesabu kinarudi mwanzo kila mara. Na kama taa zinawaka bila mpangilio, huenda kihesabu ni kizima na wewe ndiye umepanga LED kwa mfuatano wa miguu. Mfuatano wa kweli kuanzia sifuri ni 3, 2, 4, 7, 10, 1, 5, 6, 9, 11. Usiniulize nani aliamua.

Kihesabu kinachoruka hata bila kuguswa, hasa mota au kengele ikiwashwa pembeni, kinalia njaa ya kapasita. Weka ya nanofaradi 100, iliyoandikwa 104, kati ya chanya na hasi karibu kabisa na kila IC. Mota nayo iwekee diodi kinyumenyume kati ya ncha zake, mstari wa diodi ukielekea chanya.

Kuna jambo dogo kuhusu tarakimu, zile za kioo cha vipande saba vinavyowashwa na 7447 au 4511. 7447 inataka kioo chenye chanya ya pamoja, 4511 inataka chenye hasi ya pamoja. Ukibadilishana, unapata giza au takataka. Na zote mbili huchora 6 bila paa na 9 bila mkia wa chini. Hazijaharibika, ndivyo zilivyozaliwa.

Inazimika yenyewe baada ya muda

Saketi ilikuwa inafanya kazi. Umegeuka kumwita mwenzako aje aone, mmekuta giza. Kama umetumia pawabanki, saketi haina kosa. Pawabanki nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo, zikidhani simu imeshajaa. Mageti matatu na LED mbili ni mzigo mdogo mno kwake. Iongezee kazi: rezista nne za om 220 sambamba kati ya chanya na hasi zinakula takriban miliampea 90. Ni upotevu wa makusudi. Au tumia chaja ya simu yenye jina la kuaminika. Zile za bei ya kutupa zikae mbali na mikono ya wanafunzi, maana kinachotenganisha volti 230 za ukutani na vidole vyao ni ndani ya kile kiboksi. Kata kebo ya USB kuukuu: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, nyeupe na kijani ziache, zifunge kwa selotepu kila moja peke yake.

Betri kavu nazo zina hesabu yake. Tatu zinatoa volti 4.5: zinatosha 74HC, ambayo inafanya kazi kuanzia 2 hadi 6, lakini hazitoshi 74LS inayotaka 4.75 hadi 5.25. Nne mpya zinavuka 6 kidogo, na hapo 74LS iko hatarini na 74HC imepita kikomo chake cha kawaida. Weka diodi moja ya 1N4007 kwenye njia ya chanya, ipunguze volti 0.7, na 74HC itafurahi. Betri ya mraba ya volti 9 ni ya IC za 4000. Kuichomeka kwenye 74LS ni kuiua, na hapo kweli itakuwa imekufa.

Inaunguza kidole

Chomoa umeme kwanza, soma baadaye. IC za mantiki hazipaswi kuwa na joto la kuhisi. Sababu ni chache: imechomekwa kinyume (kibonyeo cha nusu duara kiwe kushoto, mguu wa 1 uwe chini kushoto), chanya na hasi zimebadilishana, au matokeo mawili yameunganishwa pamoja. Hilo la mwisho halionekani haraka. Geti moja linasema 1, jingine 0, wanavutana kamba, na mita inasoma volti za katikati ambazo si hiki wala kile. Matokeo hayachanganywi kwa waya. Yanachanganywa kwa geti.

Transista haizimi, au haiwaki

Hapa kosa ni mpangilio wa miguu. Ukitazama uso bapa, BC547 inasomeka kutoka kushoto kolekta, besi, emita. 2N3904 inasomeka emita, besi, kolekta. Mwanafunzi anakopi mchoro wa moja na kuweka nyingine. Tumia kipimo cha diodi kwenye mita: ncha nyekundu kwenye besi ya transista ya NPN itasoma 0.6 hadi 0.7 kwa miguu yote miwili mingine. Ikisoma sifuri, imepigana shoti ndani. Na besi iwe na rezista yake, siku zote, ya kilo-om 1 hivi kwa kazi ndogondogo.

Kwenye kompyuta inakubali, mezani inakataa

Programu za kuigiza saketi zinasaidia sana shuleni ambako vifaa ni haba, lakini zina adabu kuliko bredibodi. Nyingi hazikuombi uunganishe mguu wa 7 na wa 14, kwa hiyo mwanafunzi anakuja mezani bila kujua kwamba geti linakula umeme. Kitufe chake hakidundi. Waya wake haulegei. Mchoro uliokubali kwenye kioo umethibitisha kwamba wazo ni sahihi. Umeme, miguu na vitufe bado vinakusubiri.

Mita nayo inadanganya

Mita inasoma volti 6 na zaidi kwenye chaja ya 5? Badilisha betri ya mita kabla ya kulaumu chaja. Mita za njano za bei nafuu betri ikichoka husoma juu. Mita inasoma mkondo sifuri siku zote? Mtu aliacha ncha nyekundu kwenye tundu la miliampea akapima betri moja kwa moja, fyuzi ikakatika, hakusema.

Nakosea kwenye karatasi, si kwenye bodi

Hili halina mita, lakini linanipatia wagonjwa wengi kuliko mengine, na chanzo chake ni lugha yetu wenyewe.

Mwenyeji akikuuliza, "Utakunywa chai au kahawa?" ukamjibu "ndiyo," utachekwa. Anataka uchague moja. "Au" ya sebuleni ni XOR. Geti la OR halina sebule: likiletewa vyote viwili linasema 1 bila aibu. Swali la mtihani likisema king'ora kilie mlango au dirisha likifunguliwa, mwizi aliyefungua vyote asiachwe aende. Hiyo ni OR. Ukitaka XOR ya kweli, panda ngazi za nyumba yenye swichi mbili za taa moja, juu na chini.

"Wala" ni zawadi. "Hakuja Juma wala Asha" ni kweli kwa hali moja tu kati ya nne, pale wote wawili wasipokuja. Hiyo ni NOR, nzima, kwa neno moja.

Sasa sema "Hawakuja wote." Msikilizaji mmoja ataelewa hakuja hata mmoja. Mwingine ataelewa walikuja baadhi. Wa kwanza amesikia NOR, wa pili amesikia NAND, na pengo kati yao ndilo mwanahisabati De Morgan aliloliziba kwa kanuni zake. Ukanushi wa "A na B" ni "si A au si B". Ukanushi wa "A au B" ni "si A na si B". Mwanafunzi anayesambaza ukanushi bila kubadili kiunganishi mkamate kwa mstari mmoja wa jedwali: A ni 1, B ni 0. Ukanushi wa "A na B" unatoa 1. "Si A na si B" inatoa 0. Zimeshatofautiana, hakuna haja ya mistari mingine mitatu.

Alama ya jumlisha nayo inachanganya. Kwenye aljebra ya Boole, 1 + 1 ni 1, kwa kuwa ile ni OR. Kwenye hesabu za jozi, 1 + 1 ni 10. Ukiona mwanafunzi anatoa jibu la moja ndani ya swali la jingine, mwulize kwanza anasoma alama gani. Na majedwali yaandikwe kwa mfuatano wa kuhesabu: maingizo matatu, mistari minane, safu ya mwisho ikipishana 0 na 1, ya katikati mbilimbili, ya kwanza nnenne. Mwenye kuandika mistari kwa namna ilivyomjia ataruka mmoja.

Na kama kweli imekufa

Ipo siku itakufa. Thibitisha hivi: iweke peke yake kwenye bodi, umeme sahihi, kapasita yake, maingizo yote yakiwa yameunganishwa na hasi au chanya kwa waya. Pima kila geti kwa mistari yote minne, mita kwenye mguu wa kutoa, bila LED. IC ya 74HC kwenye volti 5 isiyobeba mzigo itoe karibu 0 au karibu 5. Geti moja likigoma na mengine matatu yakakubali, tia alama ya wino juu ya lile bovu na uendelee kutumia yaliyobaki. Yote manne yakigoma, vunja miguu yake miwili kwa koleo hapo hapo mezani kabla hujaitupa. Ukiiacha nzima, mtu mwema ataiokota na kuirudisha kwenye boksi.